Siku Niliyokuuliza Majina ya Nyimbo

Kerubo mwanangu,

Leo nimefunga duka langu la kinyozi mapema. Mteja wa mwisho nimemwambia arudi Jumatatu, na sasa nimeketi hapa sebuleni nikiwasikia wewe na mama yako mkibishana chumbani juu ya sanduku. Anakuambia Eldoret kuna baridi, nawe unamjibu kwamba hata Nyamira kuna baridi. Mambo ya blanketi, ya dawa, ya kupiga simu ukifika na ya kutafuta kanisa karibu na chuo ameshayasema yote, na kesho asubuhi atayasema tena. Mimi sina la kuongeza hapo. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako. Isome ukiwa umeshafika, umeshapata kitanda, umeshakunywa chai.

Nataka kukuandikia juu ya ile Jumapili niliyokuuliza majina ya nyimbo. Tuliwahi kuizungumza mara moja, kwa ufupi, jinsi watu wa nyumba moja wanavyozungumza mambo mazito, mmoja akiutazama mlango. Lakini hukujua ilikotoka. Ilitoka mbali, kabla hujazaliwa.

Unajua kwamba kabla sijawa kinyozi nilikaa Kisii mjini miaka mitatu, nikipakua saruji na mabati kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Usichojua ni kwamba nilikuwa mtu wa roki. Ile nzito, ya magita yanayonguruma na mwimbaji anayepiga kelele kama aliyefungiwa ndani ya tangi la maji. Tulikuwa vijana watano na tulijiita Chuma. Tulivaa nyeusi tupu, hata jua la mwezi wa pili likitupasua vichwa. Kila Jumapili alasiri tulikutana kwa Ombati, mkubwa wetu, aliyekuwa na kibanda cha kurekodi kanda na sidii. Ombati alikuwa na binamu ng'ambo aliyemtumia muziki ambao hakuna mwingine mjini aliyekuwa nao. Kwa hiyo yeye ndiye aliyetuambia kipi ni cha kweli na kipi ni cha kuiga.

Sheria yake ilikuwa nyepesi. Wimbo ukipendwa na watu wengi, sisi tunauzika. Kulikuwa na wimbo mmoja niliokuwa nimeupenda sana. Kwa miezi miwili niliuimba kimoyomoyo nikiwa na mfuko wa saruji begani. Siku moja nikausikia unachezwa na redio ya mama mmoja muuza ndizi. Jioni ile nikawaambia wenzangu kwamba wimbo ule umeharibika, siutaki tena. Na Kerubo, nilikuwa bado naupenda. Nilikuwa nauimba hata njiani nikienda kuukana.

Acha nikuambie jambo jingine ambalo hata mama yako halijui. Majina ya bendi na ya albamu, yale yaliyonifanya nionekane mjuzi, niliyaandika kwenye vipande vya karatasi ya mifuko ya saruji nikayakariri kazini kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Nyingine kati ya albamu hizo nilikuwa sijawahi hata kuzisikia. Niliishi na hofu kwamba siku moja Ombati ataniuliza swali ambalo haliko kwenye karatasi.

Basi Jumapili moja akaja kijana kutoka Tabaka, jina lake Mogaka. Alikuwa mchonga mawe. Alikuwa amesikia kwamba kuna watu mjini wanaopenda roki, akafunga safari kuja kututafuta. Namwona hadi leo. Alivaa koti jeusi la kizee, nadhani lilikuwa la baba yake, na mikono ya koti alikuwa ameikunja mara mbili. Shingoni alining'iniza kidani cha jiwe la Kisii alichokichonga mwenyewe, fuvu dogo lililopakwa rangi nyeusi, na vidole vitatu vilikuwa na pete za jiwe hilo hilo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na kitu kama kile. Sisi sote tulifanana na picha za kwenye kava za sidii. Yeye alifanana na yeye mwenyewe.

Ombati akamkaribisha, kisha akanigeukia mimi. "Muulize."

Nikamwambia, "Taja albamu tatu."

"Majina siyajui," Mogaka akasema. "Kuna wimbo huwa unachezwa redioni usiku. Nikiusikia naacha kula."

Akauimba kidogo. Ulikuwa ni ule ule, wimbo wa mama muuza ndizi.

Ombati akacheka. "Rudi Tabaka ukawachongee watalii vinyago vya viboko," akamwambia. Wote wakacheka, na mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, mkono mdomoni, kwa sababu nilijua kwamba kama angekuja miezi mitano kabla, angenikuta nami niko mlangoni nikiulizwa. Mogaka alisimama kidogo kama mtu anayengoja mzaha uishe. Kisha akasema asanteni, akaondoka. Hakuna aliyemfuata.

Chuma hakikudumu. Wawili walioa, mmoja akaenda Nairobi, na simu zilipoanza kubeba muziki kibanda cha Ombati kikafungwa. Siku hizi Ombati ni wakala wa mbegu za mahindi, mtu mwema kabisa, na unamjua kwa sura kwa kuwa huja kunyolewa kwangu kila baada ya wiki tatu. Hatujawahi kutaja Chuma hata mara moja. Mimi nilirudi nyumbani, nikajifunza kunyoa, nikamwoa mama yako, ukazaliwa wewe. Nikadhani yale yamekwisha.

Halafu ukamaliza Kidato cha Nne. Katika ile miezi ya kungoja matokeo ukaanza kwenda Keroka sokoni na kurudi na mitumba myeusi. Ukakata mikono ya fulana, ukashona pini za chuma kwenye sketi ya zamani ya shule, ukapaka kucha rangi nyeusi. Kipini cha pua ulikificha kwa siku nne, na siku ya tano ukachoka kukificha. Mama yako aliomba hadi magoti yakamuuma. Mke wa mzee wa kanisa alimvuta pembeni akamuuliza kama umeingia kwenye ibada za shetani. Nawe Sabato iliyofuata ulikwenda kanisani ukiwa umejifunga kitambaa cheusi kichwani, ukasimama kwenye kwaya, ukaimba sauti ya pili kama kawaida. Nilikaa kwenye benchi la nyuma na nilijivuna, ingawa sikumwambia mtu.

Ndiyo maana sijui nilipatwa na nini ile Jumapili. Shangazi yako alikuwa amekuja na watoto wake kutoka Marani, na binamu zako wote walikuwa wamekaa uani. Ukatoka jikoni na sinia la ndizi ukiwa umevaa fulana mpya. Niliitambua ile bendi mara moja. Ilikuwa kwenye karatasi yangu ya saruji. Mtu mwenye akili angefurahi. Angesema, mwanangu, kaa hapa nikusimulie kitu. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema:

"Hao watu wa kwenye fulana unawajua?"

"Nawajua kidogo, Tata."

"Taja nyimbo zao tatu."

Ukataja mmoja. Ulikuwa ule ambao kila mtu anaujua. Nikacheka. Nikakuambia hata mbuzi wa sokoni anaujua huo, na kwamba mtu avae nguo anayoielewa. Binamu zako wakacheka kwa kuwa nilicheka mimi. Ukaweka sinia chini, ukasema, "Nilipenda tu picha," ukarudi jikoni.

Kuanzia siku ile ulivaa sweta la kijivu. Rangi ya kucha ilibanduka yenyewe na hukuirudishia. Kipini ulikitoa. Mama yako alimshukuru Mungu, nami nikasema ni utoto, umepita. Miezi miwili ikaisha hivyo. Aliyeniamsha ni nyanya yako, Magokoro. Nilikuwa nimempelekea sukari, naye alikuwa anamenya ndizi mbichi mlangoni kwake, hata hakuinua uso.

"Umemfanya nini mtoto?" akaniuliza.

"Mtoto gani?"

"Yule wa nguo nyeusi. Mimi sizipendi nguo zile. Alikuwa anafanana na kunguru. Lakini alikuwa kunguru mwenye furaha." Akatupa ndizi kwenye sufuria. "Watu wa kanisa walisema, hakuvua. Mama yake alilia, hakuvua. Uliposema wewe, akavua. Sasa ulisema nini?"

Nilimwambia. Hakunigombeza. Aliendelea kumenya ndizi, nami nikaondoka.

Wiki iliyofuata akaja mteja mgeni kazini. Nilipokuwa namfunga kitambaa shingoni nikaona pete nyeusi ya jiwe kwenye kidole chake. Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema kwa mchongaji mmoja wa Tabaka, anaitwa Mogaka. Mashine ilikuwa mkononi mwangu ikinguruma, nami nikasahau kuishusha kichwani mwake.

Nilikwenda Tabaka siku ya pili yake. Niliwaambia nyumbani nakwenda kutafuta vipuri vya mashine. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake, chini ya kibanda cha mabati, akipiga msasa jiwe kwenye beseni la maji. Mikono ilikuwa myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko. Amenenepa, na nywele zimeingia mvi, lakini pete zilikuwa pale pale. Kabla sijataja jina langu akaniangalia sana.

"Wewe ni wa Chuma," akasema. "Ulikuwa unacheka umeshika mdomo."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. "Nimekuja kukuomba msamaha," nikasema.

Akaendelea na msasa wake. "Kucheka kwenu hakukuniuma sana," akasema. "Vijana hucheka. Kilichoniuma ni kwamba nilirudi nyumbani, usiku wimbo ukachezwa, nikazima redio. Nilizima kila ulipochezwa. Miaka mitatu hivi. Mlinifanya niyaonee aibu masikio yangu."

"Na uliwasha tena vipi?"

"Nilioa. Mke wangu akawasha." Akatabasamu. "Hakujua kwamba kuna sheria."

Tukakaa. Mkewe akatuletea uji. Nikamweleza habari zako, fulana, sinia la ndizi, sweta la kijivu. Alinisikiliza huku akizungusha jiwe mkononi, kisha akauliza, "Ameacha kuvaa?"

"Ameacha."

"Basi msamaha wako umeuleta nyumba isiyo yake. Mimi niko sawa. Maliza uji, urudi kwenu."

Jioni ile ndipo nilipokuita pale kwenye shamba la chai, nikakuambia nilikosea. Sikukueleza haya yote. Nilikuambia tu kwamba sikuwa na haki ya kukupa mtihani, na kwamba hata mimi ningeufeli. Ukasema, "Sawa, Tata," ukaendelea kuchuma. Nilifikiri sijakufikia.

Lakini Alhamisi moja mchana, kinyozi kimejaa, ukaingia. Ulikuwa na fulana ile ile. Ukangoja zamu yako kama mtu mwingine yeyote, ukaketi kwenye kiti, ukanitazama kupitia kioo. "Ninyoe upande wa kushoto," ukasema. "Hadi kwenye ngozi. Juu uache."

Nimenyoa maelfu ya vichwa, lakini siku ile nilifuta mashine mara mbili kabla ya kuanza. Mzee mmoja wa kanisa, yule ambaye kila mara huniomba nizivute nywele za pembeni zifunike upara, akakohoa pale kwenye benchi. "Nawe unamnyoa mwanao namna hiyo?"

"Ameniambia anavyotaka," nikamjibu. "Zamu yako ikifika, wewe pia utaniambia unavyotaka."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Nami nikakunyoa, taratibu, nikilizunguka sikio lako ambalo sikuwa nimeliona kwa karibu hivyo tangu ukiwa mtoto wa kubebwa. Nilipomaliza ukageuza kichwa huku na huku.

"Tata, inanifaa?"

Nilijua mwimbaji gani alinyoa hivyo na ni katika albamu gani. Jina lilinijia hadi kwenye ncha ya ulimi. Nikalimeza. "Inakufaa," nikasema.

"Hata isingenifaa ningeipenda," ukasema, ukajipangusa shingo, ukaenda zako. Siku ile nilifanya kazi hadi jioni bila kusikia uchovu.

Sasa nikuambie jambo ambalo limenichukua mwezi mzima kulisema. Unamkumbuka binamu yako Bosibori alipokuja kutoka Marani na viatu vyake vipya, vya rangi ya waridi, vyenye kumetameta? Alikuja moja kwa moja kwako, kwa kuwa yeye anakuona wewe ndiye mtu wa mitindo katika ukoo huu. Akakuchezea kwenye simu wimbo wake wa mapenzi, ule unaochezwa katika kila harusi na kila duka. Rafiki yako Moraa alikuwepo. Wewe na Moraa mkatazamana. Hamkusema neno. Mkatazamana tu, kisha ukamwambia Bosibori, "Ni mzuri," kwa sauti ile. Mtoto akaizima simu, akasema shangazi anamwita.

Nilikuwa mlangoni. Shangazi yako hakuwa amemwita mtu.

Sikukukemea, kwa sababu ningekukemea kwa uso gani? Ule mtazamo naujua. Nimewahi kuutoa. Ni mtamu, mama yangu, tusidanganyane. Unakufanya uhisi umo ndani na mwingine yuko nje, na ukiwa kijana hakuna joto linalozidi hilo. Nami nilidhani ni mapenzi ya muziki. Nilipozeeka kidogo ndipo nilipoona kwamba katika miaka ile ya Chuma niliusikiliza muziki kidogo sana. Muda wangu mwingi nilikuwa nawasikiliza watu, nipate kujua nani nimcheke kabla sijachekwa.

Huko Eldoret utapata watu wa aina yako. Nafurahi mno kwa hilo, kwa sababu hapa ulikuwa kunguru mmoja na huko mtakuwa kundi. Mtajuana kwa pini na kwa kucha. Darasani watakuvika koti jeupe la maabara na kukuambia utoe kipini. Kitoe, kisha ukirudi chumbani ukirudishe. Hilo halinisumbui. Ninachokiwazia ni jioni zenu. Mtu atatokea kati yenu awe Ombati. Huenda ukawa ni wewe, maana una jicho kali na ulimi uliourithi kwangu. Na mtu mwingine atakuja mlangoni, amevaa kitu alichokitengeneza mwenyewe, anaujua wimbo mmoja tu. Usimuulize wa pili. Mwongezee wa pili.

Na kwa Bosibori, sitakuambia ufanye nini. Namba yake unayo.

Mimi siku hizi niko salama. Nacheza redio yoyote pale kazini. Juzi ukachezwa wimbo wa kaboi, wa mtu aliyeachwa na mkewe pamoja na farasi wake, nikaimba wote kwa sauti huku Ombati akiwa kwenye kiti na povu kidevuni. Alifumba macho. Nilipofika kwenye kiitikio nikamsikia anaitikia.

Kuna jambo moja limebaki. Mama yako hajazipenda nguo zako, na usingoje azipende. Lakini jana asubuhi, ulipokwenda kumuaga Magokoro, nilimkuta nyuma ya nyumba na mabeseni mawili. Alikuwa anafua nguo zako nyeusi, zote, hata ile fulana. Alizifua kwa maji baridi yaliyotiwa chumvi, akazigeuza upande wa ndani ukawa nje, akazianika barazani, mbali na jua. Nikamuuliza amejifunza wapi. Akasema alikwenda Keroka kumuuliza yule mwanamke wa mitumba jinsi ya kufua nyeusi isififie.

"Kama ni lazima azivae," akaniambia, bila kunitazama, "basi azivae zikiwa nyeusi kweli."

Hatakuambia. Kwa hiyo nimekuambia mimi.

Baba yako,
Tata